Kitenzi "take" si kuchukua tu

Katika vitenzi vya Kiingereza ambavyo mwalimu wa shule ya msingi hukutana navyo mapema, "take" huonekana chepesi kuliko kilivyo. Desturi iliyoenea ni kuandika ubaoni kwamba "take" ni kuchukua, darasa likakariri, na somo likaendelea. Kwa maoni yetu, desturi hiyo haina budi kuachwa.

Na tutazame matumizi yenyewe. Mtoto wa Mgeta huwaona wazazi wakiteremsha kabichi hadi soko la Morogoro mjini. Akiwa kwao mlimani, Mwingereza angesema "they take cabbages to Morogoro". Nasi twasema wanapeleka. Aliyeko sokoni atasema "they bring cabbages", yaani wanaleta. Tofauti hutokana na mahali alipo msemaji, na mtoto anayo tayari katika Kiswahili chake. Mwalimu amwambiaye kuchukua tu humnyima ngazi aliyokwisha kuipanda.

Si hayo tu. Dawa ikitajwa, "take" ni kunywa au kumeza, basi likitajwa, ni kupanda, picha, kupiga, mtihani, kufanya. "Take off your shoes" ni vua viatu, wala si viokote. Katika hesabu, "take 3 from 7" ni toa 3 katika 7.

Kiswahili chenyewe chatufundisha njia. Hakuna mtoto wa Matombo anayestaajabu kusikia kupiga pasi, kupiga hodi, kupiga magoti na kupiga mbizi, ingawa hakuna anayechapwa. Aliyapokea maneno hayo yakiwa na wenzi wao. "Take" nacho kifundishwe hivyo hivyo.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kitenzi kisiandikwe ubaoni peke yake, bali ndani ya sentensi kamili. Pili, kila somo lishughulikie maana moja, nayo ionyeshwe kwa vitendo: mwanafunzi aambiwe "take the chalk to the door", kisha "bring it here", naye atende mbele ya wenziwe. Tatu, "took" na "taken" yaingizwe katika sentensi zile zile zilizokwisha kuzoeleka, ili mtoto asije akabuni "taked".

Wako watakaosema kwamba darasa lenye watoto wengi na vitabu vichache halina nafasi ya hayo. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kipande cha chaki na mlango havikosekani darasani, na orodha ya maneno huokoa dakika chache leo ili kupoteza miaka kesho. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza ni somo. Lakini mtoto aingiapo sekondari, Kiingereza huwa njia ya kuyafikia masomo mengine. Huko atasoma kwamba jambo fulani "takes place", maana yake hutokea. Aliyekariri kuchukua atadhani kuna mahali panapochukuliwa. Atakuwa ameyajua maneno yote mawili na kuikosa maana, na huenda akajiona mjinga ilhali kasoro ilikuwa katika ufundishaji.

Ndugu wanachuo, mwendapo katika mazoezi ya kufundisha, chungueni maandalio yenu ya masomo. Kila mtakapokuta neno moja la Kiingereza limefungwa kwa neno moja la Kiswahili, lifungueni kabla ya kuingia darasani.