Aswan Tunaijua, Kwihara Hatuijui

Wapo miongoni mwetu wasomi ambao, wakijaliwa kupelekwa Misri kwa semina ya wiki mbili, hurejea nyumbani na sifa za mji mmoja: Aswan. Husimulia jua lisiloonana na wingu mwaka mzima, mto Nile unaopita taratibu kati ya miamba, mashua zenye matanga meupe, kisiwa cha Elephantine na magofu yake, na hekalu la Isis lililosimama kisiwani kama lililoshuka kutoka mbinguni. Yote hayo ni kweli, na hakuna ubaya kuyasifu. Ubaya huanza pale msimuliaji anapofunga hadithi yake kwa kutangaza kwamba sisi wa Tabora hatuna kitu cha kumwonyesha mgeni ila vumbi, maembe na asali. Kauli hiyo husemwa maofisini. Husemwa pia katika vyumba vya walimu, mbele ya vijana wanaotarajiwa kufundishwa kuipenda nchi yao. Hiyo ni kasumba, na haifai kuachwa ipite bila kujibiwa.

Tuanze na Aswan yenyewe, kwa sababu wengi wanaoisifu hawajui wanachokisifu. Hekalu lile la Isis halikujengwa mahali lilipo leo. Lilijengwa katika kisiwa cha Philae. Mwaka 1902 lilipokamilika bwawa la kwanza la Aswan, kisha bwawa hilo lilipoongezwa kimo mara mbili, kisiwa kikawa kinazama sehemu kubwa ya mwaka. Ulipoanza ujenzi wa Bwawa Kuu mwaka 1960, ilikuwa dhahiri kwamba urithi wa Nubia ungeangamia. Serikali za Misri na Sudan zikaomba msaada, na Machi 1960 UNESCO ikatoa mwito kwa mataifa yote. Mahekalu ya Abu Simbel yakakatwa vipande zaidi ya 1,000 na kuinuliwa juu ya genge kati ya mwaka 1964 na 1968. Hekalu la Philae likabomolewa jiwe kwa jiwe, likajengwa upya katika kisiwa jirani cha Agilkia, na likafunguliwa mwaka 1980.

Kwa hiyo anachokipiga picha mgeni wetu si kazi ya Mafarao peke yao. Ni kazi ya ofisi pia! Ni kazi ya watu waliokaa na daftari na ramani, wakaandika namba juu ya kila jiwe kabla maji hayajafika. Mtumishi wa umma angepaswa kurejea kutoka Aswan akiwa na jambo hilo kichwani kuliko yote.

Iko na aibu ya Aswan ambayo wasimulizi wetu huiruka. Wakati mawe yakipewa namba, Wanubi takriban 50,000 wa upande wa Misri walihamishwa mwaka 1963 na 1964, wakapelekwa Kom Ombo, mbali na mitende yao na mbali na makaburi ya wazazi wao. Wenzao wa Sudan nao walihamishwa kwa maelfu. Makumbusho ya Nubia yalifunguliwa mjini Aswan mwaka 1997, zaidi ya miaka 30 baada ya wenye nchi kuondolewa. Jiwe lilitunzwa vizuri kuliko mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu sisi huku tumetenda kosa la namna hiyo hiyo, tena bila kulinda hata hayo mawe.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikavuka nyika ya Mgunda Mkali, ikaingia Unyamwezi kwa Tura na kufika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Uvinza na Ujiji, ndiyo iliyoufanya mji wa Tabora. Burton na Speke walifika hapa, mahali palipoitwa Kazeh, Novemba 1857. Mwaka uliofuata Speke aliondoka hapa hapa kwenda kaskazini, na Agosti 1858 akaliona ziwa ambalo Wasukuma na Waganda walikuwa wakilivua samaki tangu enzi za mababu zao. Alirudi Kazeh mwaka 1861, na safari hiyo akaufuata Nile hadi Misri. Nani aliyekuwa naye? Alikuwa naye Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni na kupelekwa India, pamoja na wenzake waliotoka Zanzibar. Watu hao walifika Cairo mwaka 1863. Basi watu wa njia yetu waliiona Misri zaidi ya karne moja kabla ya semina kubuniwa, na walikwenda kwa miguu, bila posho ya safari ya kigeni.

Na tukitaja posho, ngoja niwakumbushe watumishi wenzangu neno hilo limetoka wapi. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka alichopimiwa mpagazi kila siku ili aweze kutembea kesho yake na mzigo wa kilo 30 au zaidi begani. Hongo ilikuwa ushuru halali aliotozwa mwenye msafara na mtemi wa nchi aliyopitia. Leo neno hilo limeshuka cheo, na kila msomaji wa ukurasa huu anajua lilikoishia. Hata lugha tunayoandikia barua za serikali ilipanda bara kwa miguu ya wapagazi hao kabla ya kupandishwa na shule yoyote. Je, mtu anayetumia maneno haya kila siku ofisini anaweza kusema kwamba njia iliyoyaleta si kitu?

Sisemi kwamba njia hiyo ilikuwa njema. Ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha binadamu waliofungwa shingoni, na si Waarabu peke yao waliofaidika, bali na baadhi ya watemi wetu. Anayetaka kusoma habari za biashara ile katika kinywa cha mwenyewe, na katika Kiswahili, asome maisha ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, aliyeyasimulia mwenyewe, na ambaye baba yake alikuwa na makazi hapa Tabora. Lakini wapagazi wengi, na hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walikwenda pwani kwa makumi ya maelfu kila mwaka katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Walipatana malipo, waligoma walipodhulumiwa, na walitupa mizigo na kuondoka tajiri alipozidi ukali. Hao ndio wafanyakazi wa ujira wa mwanzo wa nchi hii kwa wingi kama huo. Ni shule ngapi za Tabora ambamo kijana amefundishwa hivyo?

Badala yake tunampeleka Kwihara, kilometa chache nje ya mji, kwenye nyumba inayoitwa Tembe la Livingstone. Livingstone hakuijenga. Alifika pamoja na Stanley Februari 1872, Stanley akaondoka Machi, na yule mzee akabaki mpaka Agosti. Alikuwa anangoja nini muda wote huo? Alikuwa anangoja wapagazi kutoka pwani! Bila wao hakuweza kusogea. Oktoba 1873 Susi, Chuma na wenzao walipita Kwihara wakiwa wameubeba mwili wake kutoka Chitambo. Walimkuta hapo Cameron, akawashauri wauzike huku huku bara. Wakakataa, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Nyumba ina jina la aliyengoja, na waliongojwa hawana hata ubao. Haya ndiyo niliyoyaita kosa la Aswan.

Wapo watakaosema kwamba jina la Livingstone ndilo linalovuta watalii na fedha za kigeni. Hoja hii ni dhaifu. Mtalii aliyekuja kwa jina la Livingstone hataondoka kwa kuambiwa habari za Bombay, na huenda akakaa siku ya pili akielezwa pia habari za Mirambo wa Urambo, aliyewafungia Waarabu njia mwaka 1871 na kumlazimisha Stanley mwenyewe kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Au habari za Isike wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake, aliwasha baruti ndani yake kuliko kutekwa akiwa mzima.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Husemwa kwamba Misri ni mawe, nasi ni udongo. Tembe huyeyuka kwa mvua, na penye kambi ya wapagazi hapabaki kitu. Ni kweli kwamba udongo haudumu kama jiwe. Lakini hiyo ni sababu ya kuharakisha. Ipo miembe mikongwe ambayo wazee husema ilikua kwa kokwa za misafara. Yapo makaburi, vipo visima, yapo majina ya vijiji. Ziko chemchemi za chumvi za Uvinza, karibu na Mto Malagarasi, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale wamethibitisha kwamba chumvi imechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 2006 nchi yetu iliiandikisha njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, kwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha ya awali ni ahadi, na ahadi huhitaji kazi.

Kazi hiyo haiwezi kungoja, kwa sababu tingatinga halingoji. Reli ya Wajerumani iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa njia ya wapagazi, na ndiyo iliyowamaliza kazi. Sasa inakuja reli ya kisasa. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Reli tunaitaka, na asiyeitaka hajawahi kusafirisha mpunga wala tumbaku. Bomba lililofikisha maji ya Ziwa Victoria mpaka Tabora tulilitaka vile vile, na leo mtu wa Kwihara anaweza kunywa maji ya ziwa lile lile linaloulisha mto wa Aswan. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini kabla ya mradi mkubwa, na sura ya mambo ya kale katika tathmini hiyo haipaswi kuwa kurasa mbili zilizonakiliwa kutoka ripoti nyingine. Misri ilihesabu kabla ya maji. Nasi tuhesabu kabla ya udongo kupinduliwa: kila kambi inayojulikana, kila kaburi, kila mwembe.

Afisa utamaduni wa wilaya hahitaji fungu jipya la fedha ili aanze. Anahitaji pikipiki, daftari na mzee mmoja wa kila kijiji kuanzia Tura hadi Uvinza. Mwalimu wa historia naye ana darasa zima la vijana wenye miguu. Awapeleke wikendi moja, wawaulize babu na bibi zao misafara ililala wapi, maji yaliteka wapi, nani alizikwa njiani, na waandike majibu kwa majina ya wenyewe. Na ule ubao wa Kwihara ubadilishwe. Livingstone abaki, lakini juu yake yaandikwe majina ya Bombay, Susi na Chuma, na chini yao iachwe nafasi kubwa kwa ajili ya majina ambayo vijana hao watarudi nayo.