Kabla Hajaacha Kazi, Mwambieni Alalamike

Ndugu zangu wa nyumbani,

Nawaandikia kutoka Minneapolis, jimbo la Minnesota, kwa ajili ya jambo linalonikera kila nikipigiwa simu. Wapo kwetu wanaoamini kwamba Marekani ukichoka na kazi unaiacha, kisha serikali inakulipa ukiwa umelala. Wapo pia wanaoapa kwamba ukiacha mwenyewe hupati hata senti. Wote hawajui, na vijana wenu walio huku wanaumia kwa kufuata ushauri wao.

Pesa hizo si sadaka, ni bima ya kukosa ajira. Zilianza kwa sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935, enzi za Rais Franklin Roosevelt, na kila jimbo lina masharti yake. Hapa Minnesota mfuko huchangiwa na waajiri. Mfanyakazi hakatwi kitu. Waliotoka kwa mwajiri fulani wakilipwa mafao, kodi anayoilipia mfuko huo inaweza kupanda, ndiyo maana mabosi wengine hupinga maombi kufa na kupona. Anayekubaliwa hupata kama nusu ya wastani wa mshahara wake wa wiki, tena kuna kikomo, na kwa kawaida malipo hayazidi wiki 26. Lazima awe na kibali cha kufanya kazi na awe anatafuta kazi nyingine kweli. Hata kodi ya mapato analipia. Huko ndiko kulala?

Aliyepunguzwa kazini hana kesi kubwa. Kesi ni ya aliyeacha mwenyewe, maana kanuni inaanza kwa kumnyima. Kwa kawaida anaponea pale sababu iliyomtoa inapotokana na mwajiri, tena iwe nzito kiasi kwamba mfanyakazi wa kawaida mwenye akili zake angeona heri akose kazi kuliko kubaki. Halafu kuna sharti linalowaangusha wengi wetu: awe alimlalamikia mwajiri na kumpa nafasi ya kurekebisha.

Sisi hatulalamiki. Tunanung'unika kwenye basi, kwenye kundi la WhatsApp, kwa mama usiku wa manane, kila mahali isipokuwa kwa bosi. Tukishachoka tunavua sare, tunaondoka kimya, na tunajiona waungwana.

Dada mmoja wa hapa kwetu alikuwa akifanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Aliachiwa ukumbi mzima peke yake, wagonjwa wa kunyanyuliwa na watu wawili akawanyanyua mwenyewe, na saa zake za ziada hazikuonekana kwenye malipo. Aliacha. Ombi lake la mafao likakataliwa, akakata rufaa. Kesi ilisikilizwa kwa simu. Nilikaa naye jikoni kwake, simu mezani imewekwa spika, mkalimani upande mmoja, mwakilishi wa mwajiri upande mwingine. Alianza kueleza mgongo unavyomuuma. Jaji alimsikiliza kwa upole, kisha akauliza: ulimwambia nani, lini, na alikujibu nini? Mwakilishi akasema hawakuwahi kupata malalamiko yoyote. Kilichomwokoa ni meseji mbili alizomwandikia msimamizi wake, za Kiingereza cha kubabaisha, moja ya saa zake, nyingine ya kuomba msaidizi. Ya pili ilijibiwa "sawa", na hakuna kilichofanyika. Kabla hatujaanza alikuwa ameshazituma pamoja na vielelezo vyake. Alishinda. Bila meseji zile angebaki na mgongo wake tu.

Msidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Fao la kukosa ajira la mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, huko Tanzania, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua kwamba mfanyakazi aliyeondoka kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike ni kama ameachishwa. Anaweza kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Wangapi kati yenu wameacha kazi za viwandani na mahotelini wakaenda zao bila kulijua hilo?

Basi nawaomba. Mtoto akiwapigia analia juu ya kazi, msimwambie tu "vumilia, mwanangu, huku hali ngumu". Huo uvumilivu wa kimya ndio mwajiri anaoutumia dhidi yake. Wala msimwambie "acha, utalipwa". Mwambieni aandike kwa msimamizi wake, ataje tarehe, ahifadhi nakala, asubiri jibu, ndipo aamue. Na barua ya kukataliwa ikija, aisome hadi mwisho siku hiyo hiyo, kwa kuwa siku ya mwisho ya kukata rufaa imeandikwa humo, na ikipita kesi yake imekwisha.

Wenu,
Ndugu yenu wa Minneapolis