Anwani ni sanduku la posta, si mlango wa nyumba

Leo nataka tuzungumzie jambo dogo ambalo wengi wetu hulipuuza, nalo ni ile sahihi inayojibandika yenyewe mwishoni mwa kila baruapepe unayotuma: jina lako kamili, cheo, kampuni, nambari mbili za simu, na wakati mwingine hata mtaa na nambari ya nyumba.

Huenda uliiandika siku moja ukaisahau. Tangu hapo imekuwa ikienda kwa mkubwa wako kazini, kwa fundi aliyekutengenezea kabati, kwa mtu uliyemwandikia kuhusu nyumba ya kukodisha, na kwa kila atakayepelekewa barua hiyo baadaye bila wewe kujua.

Wazee wetu walikuwa na busara katika jambo hili. Barua zao zilibeba S.L.P. na jina la mji, basi. Aliyetaka kujibu aliweza kukufikia, lakini hakujua unalala wapi. Sanduku lilikuwa posta, nawe uliliendea na ufunguo wako kwa wakati uliotaka. Simu ya mkononi imeondoa kizingiti hicho, kwani humfikia mtu hadi chumbani usiku wa manane.

Tena hapa kwetu nambari ya simu si ya kuzungumzia tu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, nambari hiyo hiyo imekuwa pia mfuko wa pesa. Sasa mpe laghai nambari yako, jina la mwajiri wako na mtaa unaoishi. Atakapopiga simu akikuita kwa jina na kujifanya mhudumu wa benki, au kudai amekutumia pesa kimakosa, utamshuku vipi ilhali anayajua mambo yako? Na mama anayeishi peke yake na wanawe, je? Kuna haja gani mtu asiyemjua aweze kufika mlangoni pake?

Kweli, Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inawabana wanaokusanya habari za watu. Lakini habari ulizozigawa mwenyewe nani atazikusanya tena? Maji yakimwagika hayazoleki.

Sisemi ujifiche, la hasha. Mfanyabiashara asiyepatikana hauzi. Fanya hivi: tenga sahihi mbili. Ya kazi iwe na jina, cheo, simu ya ofisi na S.L.P. Ya watu wengine iwe jina tu. Ikiwa biashara yako yahitaji simu ya mkononi, nunua laini ya pili, wala usiweke akiba yako humo. Nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na mtaa unaoishi visiwemo kamwe. Kisha mketishe mwanao umweleze hayo hayo, maana watoto huandika hata jina la shule na darasa.

Anayestahili kujua zaidi atakuuliza, nawe utampa kwa hiari yako. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata hiyo haipewi kila mpita njia.

Haya basi, tukutane Jumapili ijayo panapo majaliwa.