Acheni kununua mngurumo kwa hela ya boom

Nilipotea kidogo, UE zilitubana. Nimerudi na hasira, na nusu ya hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe.

Boom limetoka. Hapa hosteli, kila chumba cha watoto wa muziki mjadala ni mmoja: tununue spika gani za studio? Na kila mtu anaulizia inchi. "Chukua nane mwanangu, tano ni za kitoto." Jamani... ushauri huohuo ndio ulioniponza mimi.

Mwaka jana, kabla ya kwenda TP Biharamulo, nilinunua monita mbili za inchi nane, mtumba. Nilikula mihogo muhula mzima. Nikazifunga nyumbani Ngara, chumba cha mita 3 kwa 3, sakafu ya saruji, kuta tupu. Kila wikiendi napanda gari, Lusahunga, Benaco, mpaka nyumbani, najiona prodyuza.

Kwaya ya kigango chetu ikachanga hela ya maharage na kahawa, wakaja kurekodi. Bibi mmoja, mwanakwaya tangu usichana wake, aliongoza wimbo kwa Kihangaza. Sauti nyembamba, lakini akiimba watu wote kimya. Nikakaa na kiti changu katikati ya chumba, nikaona ngoma hazina nguvu. Nikaongeza besi. Nikaongeza tena!

Wimbo ulipopigwa kwenye spika za kanisani, ilikuwa mngurumo mtupu. Kwenye simu ukawa mdogo na unakwaruza. Mwenyekiti wa kwaya akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mbona bibi hasikiki?" Nikasema nitarekebisha. Baadaye laptopu ikajaa, nikafuta sauti zote za awali nipate nafasi ya biti za mshkaji wangu. Miezi michache baadaye bibi akafariki. Wajukuu wake wananiomba sauti yake... ninachoweza kuwapa ni ngoma.

Sasa nisikilizeni. Spika zilikuwa nzima. Chumba ndicho kilichonidanganya, na spika kubwa zikakisaidia kudanganya. Ni fizikia ya sekondari hii, ile mada ya mawimbi. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya upana wa chumba, yaani 6. Unapata 57. Basi kwenye chumba cha mita 3, mlio wa hezi 57 unajazana kwenye kuta na kufifia katikati. Chumba kikiwa mraba, pande zote mbili zinafanya hivyo kwa mlio uleule. Mimi nilikaa palepale unapofifia, nikawa naongeza kitu ambacho kipo tele.

Yamaha wenyewe wanaandika kwamba HS5 inashuka mpaka hezi 54, na HS8 mpaka 38. Hizo 38 za nini kwenye geto lako? Unalipa zaidi ili chumba kikuchanganye zaidi. Na kama hujui, Yamaha NS-10 zilitoka mwaka 1978 kama spika za sebuleni. Besi yake haikuwa ya kutisha hata kidogo, lakini studio kubwa duniani zilizing'ang'ania mpaka zikaacha kutengenezwa mwaka 2001, kwa sababu zilianika makosa ya katikati, pale sauti ya mtu inapokaa.

Na sabufa je? Hiyo ndiyo kabisa! Sabufa ya sebuleni imetengenezwa ikufurahishe. Inakuongezea besi, wewe unapunguza, wimbo ukitoka nje umekonda kama mwalimu wa TP mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo mwenye hela kidogo: chukua inchi tano, au hata tatu na nusu. Hela inayobaki weka kwenye magodoro mazito pembeni mwa kuta. Blanketi jembamba linapunguza mwangwi wa juu tu, besi inapita. Kaa mita moja na kidogo kutoka ukuta wa mbele, wewe na spika mbili muwe pembetatu yenye pande sawa, tuita zielekee masikioni. Ukikaa katikati hata inchi tano hazikuokoi. Kisha weka nyimbo unazozijua vizuri, usikilize wiki nzima kabla hujagusa kazi ya mtu.

Wapo watakaosema hedifoni zinatosha. Sibishani sana, hedifoni hazina chumba, na sasa nazitumia kukagua besi. Lakini ujazo wa sauti ya mwimbaji mbele ya ngoma bado naukosea nikiwa nazo peke yake.

Halafu tukumbuke tunamrekodia nani. Ngara na Biharamulo watu wana redio ndogo, simu, spika ya bodaboda. Radio Kwizera imekuwa ikisikika huko kwetu tangu 1995, enzi za wakimbizi, na wazee wanajua maneno yakisikika na yasiposikika. Hawaulizi inchi, wanauliza nani anaimba.

Mimi zile nane naziuza. Hela yake naanza na hadidiski ya kuhifadhia, spika ndogo baadaye. Mbishi aje chumbani nimpigie ule wimbo, aniambie bibi yuko wapi.

Tuko pamoja.