Kinachotengua Udhu

Alasiri moja juma lililopita niliwauliza watoto wa darasa la chini la madrasa yetu hapa Chemba: "Ni mambo gani yatenguayo udhu?" Wa kwanza akataja usingizi. Wa pili akataja lile ambalo watoto wa umri huo hulitaja kwa furaha kubwa mno, tukapoteza dakika nzima. Ndipo binti mmoja aliyeketi karibu na mlango aliponyanyuka na kusema kwa adabu zote, "Punda, ustadhi."

Nilidhani amechanganya na somo la najisi. "Punda vipi, mwanangu?"

"Punda akichelewa kisimani, maji hayapo. Maji yasipokuwapo, udhu haupo."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Kwetu mvua hukatika Aprili au Mei, na hairudi hadi Novemba au Desemba. Kisha nikakumbuka kwamba binti huyo hufika na vumbi miguuni, na mara mbili nimemgombeza kwa hilo. Nikaliacha somo la siku, nikawaeleza tayamamu, kama ilivyotajwa katika Suratul Maida, aya ya 6: asiyepata maji na akusudie udongo safi.

Mkono ukapaa tena pale mlangoni. "Ustadhi, basi vumbi lile ulilonigombezea lilikuwa linafaa?"

Usiku, nikipanga ajenda za kikao cha kamati, ya kwanza ilikuwa rangi ya mnara. Niliishusha hadi ya pili. Juu yake nimeandika: tangi la maji la madrasa. Wajumbe tunakutana Ijumaa, baada ya swala.