Daftari la Wiki: Mlinzi wa Lambwe

Ukimuuliza mtu wa Nyatike njia, atakwambia ni "hapo mbele tu". Hicho ndicho kipimo cha urefu kusini mwa Nyanza, na hakijawahi kujuana na kilomita.

*

Mbuga ya Ruma, kwenye Bonde la Lambwe, huingii kwa miguu bila askari wa wanyamapori, maana kuna nyati na faru, na nyasi zinamfikia mtu kifuani. Mwenzetu mmoja kutoka Nairobi alitokea kavaa jinzi ya bluu na fulana nyeusi. Askari akamtazama kuanzia juu hadi chini, akatabasamu, akanyamaza. Angemwambia mapema! Mbung'o hupenda bluu na nyeusi, na ndiyo maana mitego ya vitambaa inayotegwa huko huwa ya rangi hizo hizo. Hatujafika hata kwenye mgunga wa kwanza, kijana wa watu alikuwa akijichapa mgongo kwa kofia. Jinzi haikumsaidia kitu. Mdomo wa mbung'o hupenya kitambaa.

Tulicheka, ila wazee wa Lambwe hawamcheki mdudu huyu. Kupitia kwake malale iliua watu bondeni, nagana ikamaliza ng'ombe, na waliojaribu kulima huko wengine walifunga virago. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeitokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Ni habari njema, na anayeguna aende akawaulize waliozika.

Mimi naguna kwa jingine. Ruma ilitengwa mwaka 1966, ikawa mbuga ya kitaifa mwaka 1983, ina kilomita za mraba 120, na ndimo walimobaki korongo wa mwisho wa Kenya. Tunapenda kusema serikali iliwahifadhi. Serikali ilikuta kazi imeshaanza! Aliyezuia jembe na zizi miaka yote ile ni mbung'o, bila mshahara wala sare. Kwingineko nchini korongo walitoweka. Sasa mlinzi huyo anastaafishwa, na mahindi yanachungulia kwenye uzio. Nani anashika zamu? Nasikia habari za watalii, za barabara, za hoteli. Za zamu sijasikia.

Thomas Odhiambo, aliyeanzisha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, mwaka 1970, alishikilia kwamba mdudu achunguzwe kwanza, sumu baadaye. Kituo chao cha Mbita hakiko mbali na Ruma. Watafiti wake waligundua kwamba mbung'o humkwepa kuro kwa sababu ya harufu yake, wakaiiga harufu hiyo na kuiweka kwenye kola za ng'ombe. Sisi watembea kwa miguu bado tunangoja kola yetu.

*

Mikaratusi. Nimeandika na nitaandika tena. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru ing'olewe kando ya mito na chemchemi. Pitia kijito chochote kati ya Rongo na Migori uone amri ilivyotiiwa.

*

Thimlich Ohinga: kuta za mawe yaliyopangwa bila tope wala saruji, nyingine zikimpita mtu mrefu kwa mbali, na zimesimama kwa karne kadhaa. UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Ukuta wa choo cha shule niliyopita njiani, wa saruji, umeshapasuka.

*

Mto Kuja unapokaribia Ziwa Victoria, njia huisha na mafunjo huanza. Wakata mafunjo hulaza mabua kwa mkingamo juu ya tope, tabaka juu ya tabaka, nawe unapita juu yake. Kila hatua bua linalia, maji meusi yanapanda hadi kifundoni, yanarudi. Ukisimama, unazama. Mama aliyebeba mzigo wa mafunjo kichwani alinipita kwa kandambili, akanisalimu, akaangalia buti zangu za bei ghali. Hakusema neno.

Mafuriko yakiingia Nyatike, wataalamu huja na ramani wakitafuta pa kujenga kuta za kuzuia maji. Mafunjo hunyonya maji na kushika tope bure, na ukiyakata huchipua tena. Ukiyachoma ili upande sukuma wiki, basi.

*

Mfuko wa vyakula vya nguvu vya wapanda milima, vile vya karatasi inayong'aa, unauzwa Nairobi kwa bei ya kuku. Kiazi kitamu cha Kabondo, kilichochemshwa jana na kufungwa kwenye leso, hukufikisha juu ya milima ya Gwassi na chenji ikabaki.