Nani Abadili? Waulizeni Jumatano na Alhamisi

Wadau, leo naandika jambo la nyumbani kwetu. Kawaida sipendi kuanika mambo ya familia, na mama akijua atanisema, lakini limenikaa kooni tangu Jumamosi iliyopita. Mdogo wangu wa kike amenipa ruhusa, kwa hiyo naendelea.

Jumamosi hiyo mshenga alifika kwetu Tabata na barua ya posa pamoja na kishika uchumba, vyote ndani ya bahasha ya kaki. Mzee wa watu, kanzu imenyooka, maneno ya adabu tupu. Soda zikafunguliwa, barua ikasomwa. Kijana mwenyewe tunamjua mwaka wa nne sasa, ana kazi, ana heshima, na baba alipolazwa ndiye aliyekesha naye usiku ambao mimi nilikuwa safarini. Basi tukadhani mambo yamekwisha. Baba mkubwa akavua miwani, akauliza swali moja tu: "Nani atabadili?"

Sisi ni Wakatoliki. Kijana ni Mwislamu. Mshenga akasema hilo linazungumzika. Shangazi akadakia kwamba hapo hakuna cha kuzungumza, maji na mafuta hayachanganyiki. Barua ikarudi kwenye bahasha, kikao kikaahirishwa hadi Jumamosi hii.

Na mimi? Mimi mwandishi wa habari, ninayejifanya kukosoa mawaziri kutwa nzima, nilikunywa soda yangu nikanyamaza. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Aliniangalia, akarudi ndani. Kilichonikaa kooni ni hicho.

Kwa hiyo hebu niseme hapa nilichopaswa kusema pale.

Kwanza, tusikilize lugha tuliyoitumia kwenye kikao chenyewe. Baba mkubwa alifungua kwa sala. Sala ni neno la Kiarabu. Imani, roho, dhambi, sadaka, malaika, baraka, hata kanisa lenyewe: yote yametoka Kiarabu. Mkatoliki wa Kiswahili hawezi kumaliza sala moja bila kuyatumia. Mshenga naye alipojibu alimtaja Mungu na Mtume. Mungu ni neno la Kibantu, na Mtume linatokana na kutuma, Kibantu kilekile. Hata anapofunga na kuiombea roho ya marehemu pepo, kufunga na pepo ni maneno ya huku huku kwetu. Wazee wawili walikuwa wanaogopa kuchanganyika, huku kila mmoja anasali kwa maneno ya upande wa mwenzake.

Pili, tuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, hao wenyeji. Sita na saba, wageni kutoka Arabuni. Nane, mwenyeji. Tisa, mgeni. Kumi, mwenyeji. Sasa wape watoto wa kuhesabu: watoto wawili, watatu, wanne, watano, halafu watoto sita, watoto saba, watoto wanane, watoto tisa. Mmeona? Sita, saba na tisa hawakuvaa kiambishi hata siku moja. Wamebaki na umbo lao, na sentensi imesimama vizuri tu. Kuna mgeni mwingine, kitabu, ambaye alipofika alivaa kabisa nguo za nyumbani: kitabu, vitabu, sawa na kiti na viti. Huyo naye karibu. Kuna anayebadilika na kuna asiyebadilika. Na msidhani kukataa kiambishi ni ugeni, maana hata kumi, mwenyeji wa damu, naye hakivai. Shuleni tulifundishwa kuita jambo hili upatanisho wa kisarufi. Upatanisho, wadau, si ufanano.

Tatu, kalenda ya ukutani, ile ambayo shangazi alikuwa ameiegemea. Siku ya kwanza ni Jumamosi, maana mosi ni moja, halafu Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ya tano hiyo. Inayofuata ni Alhamisi, na kwa Kiarabu maana yake ni siku ya tano! Wiki yetu ina siku mbili za tano, kwa sababu hesabu moja inaanza baada ya Ijumaa na nyingine inaanza Jumapili. Hesabu mbili tofauti ndani ya wiki moja, na sijawahi kusikia mtu amekosa basi la Moshi kwa sababu hiyo. Na hiyo Jumapili tunayokwenda kanisani, jina lake maana yake ni siku ya pili kuhesabu kutoka Ijumaa. Hakuna padri aliyewahi kutuambia tulibadili kwanza ndipo tuingie misani.

Najua mtaniambia maneno si watu. Neno halina mama mkwe. Kweli kabisa. Basi tuingie kwa watu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inaitafsiri ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Inatambua ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali. Mtu na mtu wakitaka kwenda bomani, wanatoa taarifa siku 21 kabla, na hakuna anayewauliza nani atabadili. Shangazi hofu yake kubwa ilikuwa mke wa pili. Sheria hiyohiyo inasema ndoa ya mke mmoja iliyofungwa bomani haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi ila kwa tamko la hiari la mume na mke wote wawili. Asipotaka yeye, haigeuki.

Na dini zenyewe hazikufunga milango yote. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakubali mwanamume wa Kiislamu kumwoa Mkristo akabaki Mkristo. Kanisa Katoliki nalo lina utaratibu wa kibali cha Askofu kwa ndoa ya namna hii. Nisiwadanganye, ingekuwa dada yetu ndiye Mwislamu na kijana ndiye Mkristo, upande wa Uislamu mlango ungekuwa mgumu zaidi. Lakini kwa hili lililo mezani kwetu mlango upo, sisi ndio tunaokaa mbele yake na viti vyetu.

Simaanishi kwamba ni rahisi. Kuna maswali magumu na sheria haiyajibu. Watoto wataitwa nani? Watabatizwa au watakwenda madrasa? Kanisa litataka ahadi, na ukoo wa kijana nao utataka yake. Mmoja akifa atazikwa wapi, na nani atasimama mbele kuomba dua? Nimewahi kwenda msiba ambao watu waligombea maiti mpaka jioni, na sitaki kuuona tena kwenye nyumba ya mdogo wangu. Lakini hayo ndiyo maswali ya kukalia kikao, tena mbele ya hao wawili, yaandikwe na yakubaliwe mapema. Swali la "nani atabadili" linaturuhusu kuyakwepa. Mmoja akishamezwa na mwenzake, tunadhani tumepatana. Na aliyebadili kwa sababu ya kikao, moyoni kabadili nini?

Akitaka kubadili mwenyewe, kwa imani yake, nitampigia makofi kama kitabu na vitabu. Asipotaka, basi awe sita au saba. Sentensi itasimama.

Jumamosi hii saa nne asubuhi mshenga anarudi. Safari hii nitakaa karibu na baba mkubwa, na soda nitaiacha mezani mpaka niseme. Nikishindwa tena kufungua mdomo, njooni mniambie kwamba hata hiki nilichoandika ni kelele tu.

Na wewe, kwenu swali la kwanza kuulizwa lilikuwa lipi?